Duara Lenye Kona

Nilisonya Mansuri alipotamka neno "sayansi". Dalali huyu wa mashamba kutoka Kasulu mjini alisimama na spika kwenye uwanja wa mpira wa kijiji chetu, Heru Juu, ananukia manukato kama bwana harusi, akiwatangazia wakulima kwamba Wazungu watachimba handaki la duara chini ya mihogo yao. Humo itawekwa mashine ya kukimbizia chembe, na mionzi yake itaunguza kila mzizi. "Niuzieni mapema, ndugu zangu. Mimi nawahurumia." Vigingi vyekundu vya kuonyesha njia ya handaki alikwisha kuvipigilia mashambani. Huruma yake ilinitia kinyaa kuliko hata uongo wake.

Mimi nafundisha fizikia. Jioni ile jirani yangu, Mzee Nduwayezu, alikuja kuniuliza kama ni kweli. Ana kishamba kimoja tu, na kigingi kilikuwa kimesimama katikati yake. Karatasi za uraia anazo, lakini ndugu za mkewe walikuwa Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, na ilipofungwa aliwaona wakipakiwa kwenye malori na masufuria yao, warudishwe walikotoka.

"Mashine hizo zipo, mzee, lakini nchi za mbali," nikamwambia. "Ni bomba la duara lisilo na hewa ndani. Chembe isiyoonekana kwa jicho hukimbizwa humo. Kila ikizunguka, umeme huisukuma, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea, na sumaku kali huipinda isitoke njiani. Ikishapata kasi hugonganishwa na nyenzake, wataalamu waone vitu vimeumbwa kwa kitu gani. Zile ndogo, za kuenea chumbani, hutengeneza dawa ya kuonyesha saratani ilipojificha mwilini. Hakuna hata moja inayokula mihogo."

Akatabasamu kidogo.

"Na kadiri chembe inavyokimbia, ndivyo inavyokuwa ngumu kupinda. Ndiyo maana duara lenyewe huwa kubwa mno. Si unaijua baiskeli yenye mikungu ya ndizi ikiteremka mlima?"

"Hiyo haikati kona, mwalimu."

"Basi usiuze. Kesho navifuata vigingi vyote, nione vinapinda vipi."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Nangoja."

Asubuhi nikachukua bodaboda. Vigingi vilipita kwa Esteri mjane, vikapita kwa kila asiye na wa kumsemea, vikipinda taratibu kama kweli vilipimwa. Kisha vikafika kwenye mibuni ya shemeji yake Mansuri. Hapo vikakunja kona kali kama kiwiko, vikaambaa na ua wa shemeji, vikarudi tena kwenye mihogo ya maskini. Nikashuka nikatema mate. Mtu anataka kuwala wenzake wazimawazima, na hata uongo wa kuwalia hataki kuutolea jasho!

Nilimkuta Mansuri uwanjani, anahubiri tena. Nikamnyang'anya spika.

"Chembe inakimbia karibu na kasi ya mwanga," nikasema, "halafu inakata kona kwa heshima ya shemeji yako?"

Watu wakaangua kicheko.

"Madam, haya ni mambo ya kitaalamu. Tusichafuane mbele za watu."

"Utachafuka mara ngapi, wewe?"

Nikawaeleza kisa cha baiskeli na mikungu. Wakamzomea mpaka akarukia pikipiki yake na kutokomea, spika akaniachia mkononi. Za mwizi arobaini! Nilifurahi kupita kiasi. Nikaenda mbio kumpasha habari Mzee Nduwayezu.

Shamba lilikuwa limegeuka udongo mtupu. Mihogo yote mzee alikwisha kuing'oa, michanga, mizizi yake myembamba kama vidole, akaijaza kwenye gunia. Mkewe alikuwa barazani akifunga masufuria kwenye kitenge.

"Sijauza," aliniwahi. "Nimechukua kilicho changu kabla hawajaja na malori."

Nikamweleza yote, nikihema. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwenye kona ya shemeji akacheka kabisa. Kisha akainama, akaendelea kufunga gunia lake.

"Nimekuelewa, mwalimu. Mashine haipo. Mpigilia vigingi yupo."