Mama Mkwe Nyuma ya Choo

Bi Mwahija binti Ismaili alikuwa kungwi wa Kiranjeranje, na wari wote waliopita mikononi mwake waliambiwa neno moja kabla ya mengine: mwanamke hanuki, hunukia. Aliwafundisha kujifukiza udi, kuweka kikuba kifuani na kutafuna karafuu kabla mume hajarudi. Walimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe alinukia tangu akiwa njiani. Wasichokijua ni kwamba udi ule, kikuba kile na karafuu zile zote zilikuwa za kufunikia sigara.

Aliifahamu sigara mumewe alipokuwa hai. Marehemu alikuwa akivuta kitandani, na kikohozi kikimshika humpa mkewe amshikie. Siku moja alikohoa muda mrefu sana, na Bi Mwahija akaona si vizuri sigara iungue bure. Mume akafa, sigara ikabaki. Katika mirathi yote, hiyo ndiyo peke yake ambayo mashemeji hawakuja kuidai.

Binti yake, Zuwena, alikuwa ameolewa Nangurukuru na Twalib, kijana wa kukata tiketi pale stendi ya mabasi. Zuwena alipojifungua mtoto wa kiume, Issa, Bi Mwahija akafunga safari kwenda kumwangalia mzazi. Alibeba korosho, mkungu wa ndizi na kopo la maziwa lililojaa sigara, ambalo kwa nje aliliandika kwa mkono wake: dawa ya chango.

Mchana alikuwa bibi wa kupigiwa mfano. Alimwogesha mjukuu, akamkanda, akamwita mume wangu, akamchekesha. Kila baada ya alasiri alichukua kopo la maji kama anayekwenda haja, akapita mlango wa choo bila kuingia, akazunguka nyuma, kwenye migomba inayokunywa maji ya bafuni. Pale akavuta kwa raha zake.

Siku moja alikuwa ameshawasha alipopinda kona, akamkuta mkwewe amechuchumaa, naye na yake mdomoni.

Sasa, mkwe wa kule hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamkazii macho. Akipishana naye hukaribia kuingia kwenye ukuta. Twalib alisimama, akaificha sigara kiganjani ikiwa na moto wake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Jibu lilitoka mdomoni na moshi ukatoka puani.

Bi Mwahija alikuwa ameificha yake chini ya kanga. Walisimama hivyo, kila mmoja akiomba mwenzake aondoke kwanza.

"Mama," Twalib akasema, akiwa bado anaangalia chini kama adabu inavyotaka, "kanga inaungua."

Hawakulizungumza jambo hilo. Bi Mwahija alihamia asubuhi, Twalib akabaki na jioni, na kila mmoja akajifanya hajaona kitu. Lakini Issa akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, hata bibi na mama yake wakampeleka zahanati.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Debora. Alimsikiliza mtoto kifuani, kisha akaisogeza pua yake kwenye nguo aliyofungiwa.

"Nani anavuta sigara nyumbani kwenu?"

"Baba yake," Zuwena akasema. "Nimemkataza mpaka nimechoka."

Bi Mwahija akaangalia picha ya chandarua iliyobandikwa ukutani, akaisoma yote.

Nyumbani Zuwena alimshukia mumewe mbele ya mama yake. Twalib angeweza kumtaja na mama, wala isingekuwa uongo. Aliangalia miguu ya mama mkwe wake, akasema, "Ni mimi. Nisamehe."

Zuwena akampiga marufuku kumshika mtoto mpaka atakapoacha. Kijana akawa anarudi kutoka stendi, ananawa, anasimama mlangoni na kumtazama mwanawe kwa mbali kama mtu anayetazama vitu vya dukani. Wakati huohuo Bi Mwahija alimpakata Issa, majirani wakamsifu kwa malezi, na mtoto akawa anapiga chafya kila akilazwa kifuani pake. Mwanamke yule alikuwa ameshadanganya watu wengi maishani bila kukosa usingizi, lakini ile chafya ilimkera.

Akarudi zahanati peke yake.

"Nimekuja kwa ajili ya mkwe wangu," akamwambia Debora. "Anataka kuacha sigara. Afanyeje?"

"Huyo mkwe wako huvuta ya kwanza saa ngapi?"

"Akiamka tu, hata chai hajanywa."

"Na meno yake ya chini yameota rangi kama hayo yako?"

Bi Mwahija akafunga mdomo. Debora hakucheka. Alimvutia kiti, akamwambia achague siku ya kuacha na siku hiyo atupe zote, asijiwekee hata moja ya dharura, maana dharura itatokea siku hiyohiyo. Hamu ikija, alisema, haikai. Hupanda, ikafika juu, ikashuka yenyewe, kazi yako ni kuipisha. Weka kitu mdomoni, mikono ipe shughuli, kaa mbali na wavutaji wenzako. Akishindwa kabisa arudi, wataangalia cha kumsaidia.

"Na usiache kwa siri," akamaliza. "Ukijificha, siku ukirudia utajificha vilevile, na hakuna atakayekushika mkono."

Kumwambia mtu ndiko kulikomshinda Bi Mwahija. Alipiga hesabu ya watu wote anaowajua, akagundua kuna mmoja tu ambaye tayari anajua. Jioni akazunguka nyuma ya choo. Twalib alimsikia, akasimama kabla hajamwona.

"Kaa," Bi Mwahija akasema. "Tunaacha, mimi na wewe. Na atakayezidiwa asivute mpaka amwombe mwenzake ruhusa. Kwa mdomo wake, na kwa adabu."

"Mama, mimi siwezi kusimama mbele yako nikakuomba sigara."

"Ndiyo maana."

Dawa ya chango ikaingia yote kwenye shimo la choo, na mfuko wa shati la Twalib ukakung'utwa juu yake. Kwa ajili ya mdomo wakachagua muhogo mbichi, ambao unatafunika sana na hauna siri.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bi Mwahija aligombana na kuku, kisha akagombana na mwenye kuku. Twalib alimkatia abiria wa Lindi tiketi ya Dar, na yule bwana akafika Miteja, upande wa Dar, ndipo akauliza mbona haioni njia anayoijua. Pale stendi wapiga debe walikuwa wakimpulizia moshi kwa makusudi wakimwita shehe, hata akakihamishia kiti chake kwa Romana, mama muuza uji, ambaye humfukuza mvutaji kwa mwiko.

Wa kwanza kuzidiwa alikuwa Twalib. Alikuja mchana, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Ulishaniamkia asubuhi."

"Naomba..." Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. "Naomba muhogo."

Akapewa mzima, na kisu, na sufuria la kumenyea mingine.

Zamu ya Bi Mwahija ilikuja baada ya chakula, saa ambayo tangu zamani alikuwa na miadi na sigara. Alizunguka uani mara kadhaa, akamwita Twalib kule nyuma.

"Baba Issa."

"Naam, mama."

"Nakuomba ruhusa. Nivute moja, basi."

Twalib hakuwahi kumkatalia mama huyu kitu chochote. Alipomwoa Zuwena alikubali kila alichoambiwa, hata vingine ambavyo hakuvielewa. Aliziangalia kandambili zake.

"Hapana, mama," akasema. "Samahani, mama."

Bi Mwahija akamtukana. Alianza na yeye, akapanda kwa babu zake wa milima ya Matumbi, akashuka tena, na mwishoni akatoa maneno ambayo kungwi huyasema ndani ya unyago tu, milango ikiwa imefungwa. Twalib alisimama akayapokea yote kama mtu aliyenyeshewa mbali na nyumba. Bi Mwahija akaishiwa pumzi. Akashika mgomba.

"Imeshuka, mama?"

"Imeshuka."

"Lile neno la mwisho sikulijua."

"Muulize mkeo."

Jirani yao Batuli, ambaye uzio wake ulikuwa na tundu la kutosha, hakuyasikia maneno. Aliona tu mama na mkwe wakinong'onezana migombani, siku baada ya siku, wakitoka mmoja baada ya mwingine. Akamfikishia Zuwena habari hiyo pamoja na bakuli la mchuzi.

Zuwena alimngoja mama yake katikati ya ua, mtoto begani.

"Mama, unafanya nini nyuma ya choo na mume wangu?"

Bi Mwahija aliona aibu mbili zimesimama mbele yake, akachagua iliyo ndogo.

"Tunaacha sigara."

"Yeye anaacha. Wewe je?"

"Nimesema tunaacha. Nimevuta tangu baba yako yu hai. Siku ile zahanati, muuguzi alisikia harufu yangu kama alivyosikia yake, na mumeo akanibebea."

Nyuma ya uzio Batuli akakohoa kwa kuchoka kusubiri jibu. Zuwena akaenda kwa Twalib, akambandika mtoto kifuani bila kusema neno. Twalib alimpokea kwa mikono miwili, akageukia ukuta, kwa sababu mwanamume naye ana uso wake wa kuficha.

"Na wewe," Zuwena akamwambia mama yake, "humshiki mpaka nikunuse."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kungwi wa Kiranjeranje alisimama mbele ya mwari wake mwenyewe, akafumbua mdomo, akanyoosha vidole, akanuswa. Udi ulikatazwa, usije ukaficha ushahidi. Alichukia mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hakuvuta.

Aliteleza aliporudi kwao. Palikuwa na unyago, na Bi Zakia, kungwi mwenzake, akampenyezea moja nyuma ya ghala la korosho kama walivyozoea. Aliivuta hadi kwenye kipisi. Hakuna aliyemnusa, wala aliyemwona isipokuwa Zakia, na angeweza kuishia hapo. Alikaa juu ya gunia, akatoa simu.

"Baba Issa, nimevuta, na sikukuomba."

Kelele za mabasi zilisikika nyuma ya Twalib.

"Mama, basi tunaanza tena," Twalib akasema. "Nani kakuchochea?"

"Zakia."

"Nipe niongee naye."

Alichoambiwa Bi Zakia hakikujulikana, ila aliirudisha simu akiwa ameishika kwa ncha za vidole, na tangu hapo hakumpa Bi Mwahija hata kiberiti cha kuwashia jiko.

Haikuwa rahisi baadaye pia, lakini ile ilikuwa ya mwisho. Kikohozi kilimwachia taratibu. Akawa anaupanda mlima wa mikorosho yake bila kusimama kudanganya kwamba anaangalia maua. Pua nayo ikafunguka, akaanza kusikia harufu za vitu alivyokuwa amevisahau, vingine vizuri, vingine vya jirani.

Wakati wa sikukuu alikwenda tena Nangurukuru, akawapikia samaki wa kupaka, chakula ambacho kilimpa jina wilaya nzima. Walipoandaa, akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Chumvi hii nani kaitia?"

"Wewe, mama," Zuwena akasema.

"Siku zote huwa inakuwa hivi?"

Zuwena akamtazama mumewe. Twalib, aliyekuwa anakula upande wa pili wa mlango kwa heshima, akamtazama samaki.

"Siku nyingine huzidi," akasema.

Bi Mwahija alizikumbuka harusi zote, hitima zote, na wageni wote waliomwomba maji ya kunywa wakisema kuna joto. Kisha akanyanyuka, akavuta mbuzi ya kukunia, akapasua nazi nyingine.