Vipande Mia na Ishirini

Mwalimu Aristides Rutaihwa alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno "sijui". Tusimlaumu sana. Mhaya msomi akikiri kwamba hajui jambo, majirani humletea uji wakidhani anaumwa. Lakini mwaka huu, baada ya Pasaka, alijikuta mbele ya jambo ambalo hakulijua kabisa, nalo ni namna ya kuishi na mke aliyenyamaza.

Penina, mkewe, alikuwa fundi wa mablanketi ya vipande. Hakuwa na duka. Alishonea nyumbani kwao Izigo, kwenye dirisha linalotazama kibanja, pale mwanga wa asubuhi unapopita kati ya migomba. Vitenge vilivyochakaa, mabaki ya sare za kwaya, pindo la gauni la mtu, vyote alivikata miraba na kuviunganisha. Katikati alitia blanketi kuukuu, chini yake kitambaa cha marekani, kisha akapitisha mishono mpaka matabaka matatu yakashikana yakawa kitu kimoja. Kila mtoto wa ukoo aliyeletwa nyumbani kwa mara ya kwanza aliondoka na lake, na lilimfaa mpaka siku ya kuanza shule.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Hospitalini Rubya walimtunza vizuri. Mdomo ulinyooka, mguu ukakubali kutembea kwa fimbo. Mkono ulikataa. Siku aliyorudi nyumbani, Penina aliitazama cherehani yake, akamwambia mumewe aifunike shuka. Tangu hapo alikaa chumbani, akijibu anapoulizwa na kula anapopewa.

Mwezi wa kumi, binti yao Jovina alipiga simu kutoka Mwanza. Angekuja kwa meli mapema Desemba, amlete Mwesiga, mtoto wake wa kwanza, awaone babu na bibi.

"Blanketi lake mnunulieni la dukani," Penina alisema baada ya simu kukatwa. "Siku hizi yapo mazuri, yana picha za simba."

Maneno hayo yalimuuma Aristides kuliko ugonjwa wenyewe. Alimpenda mke huyo kuliko alivyowahi kumwambia, maana wanaume wa umri wake husema mapenzi kwa kuleta mkungu mzuri na kuutua jikoni. Sasa mkungu ulitua, na mwenye jiko hakugeuka kuutazama. Basi alipiga moyo konde. Blanketi la Mwesiga litashonwa, na atalishona yeye. Alijiambia kwamba Penina akiliona litamwamsha, na asipoamka kwa hilo, hakuna kingine kitakachomwamsha.

Alipanda gari hadi Bukoba, dukani kwa Bi Salma, karibu na soko. Huyu alikuwa rafiki wa Penina wa miaka mingi. Baba yake, mzee Hamidi, alitoka Pangani akiwa kijana, akaoa Bukoba na kuzikwa Bukoba, na Bi Salma mwenyewe alikuwa akimwekea Penina mabaki ya vitenge.

"Shemeji," Bi Salma alisema alipokwisha kumsikiliza, "mwenye kazi yuko nyumbani kwako, nawe umepanda gari kuja kuniuliza mimi?"

"Hataki hata kuiona cherehani."

"Na wewe hutaki kumuuliza."

Mwalimu alijibu kwa kukohoa. Bi Salma alicheka, kisha akamfundisha juu ya meza ya kukatia, akinamama wengine wakiangalia bila kujificha. Vipande viwili vitazamane uso kwa uso. Shona kwa ndani. Piga pasi kila mshono kabla ya kwenda mbele. Unganisha vipande viwe mstari, halafu mistari iwe blanketi, na kona zikutane. Kabla ya kushona matabaka yote matatu, piga kwanza bandi, ile mishono mirefu ya muda, yasije yakatembea. Alimkatia marekani ya chini, inchi hamsini kwa sitini, kama Penina alivyozoea.

"Na jambo moja," alisema. "Ana kipimo chake cha boksi. Kata kwa hicho hicho. Usiongeze wala usipunguze."

"Nimekuelewa kabisa," alisema Mwalimu.

Na kweli alielewa, mpaka alipofika nyumbani na kukiona. Kilikuwa kipande cha boksi la sabuni, mraba, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. Juu yake Penina alikuwa ameandika tarakimu moja kwa kalamu ya wino: 5. Aristides alitoa rula. Alipima upande mmoja, akapima na wa pili. Inchi sita.

Hapo ndipo usomi ulipoingia. Mwalimu alitabasamu kwa huruma. Maskini mke wangu, aliwaza, miaka yote hii anashona kwa kipimo chenye makosa na hakuna aliyemwambia! Vipande kumi kwa upana, kila kimoja inchi tano, ni hamsini. Kumi na viwili kwa urefu ni sitini. Hesabu ya darasa la tatu. Alichukua mkasi akakipunguza kipimo nusu inchi kila upande, mpaka kikawa tano kamili, akaridhika nacho. Kisha akakata vipande mia na ishirini.

Cherehani aliihamishia sebuleni, akamwambia Penina anaitia oili. Oili ya wiki tatu! Mwanamke aliyepatwa na kiharusi hajapatwa na uziwi, lakini Penina hakusema kitu. Uzi ulikatika, ukakatika tena. Sindano ilimpata Mwalimu kidole cha shahada, akapiga kelele kisha akaigeuza kuwa wimbo wa kanisani. Jirani yake Gozbert alichungulia mlangoni, akamkuta amekaa kati ya vitambaa na miwani puani.

"Mwalimu! Majani makavu yamejaa kibanjani, wewe unafanya nini?"

"Utafiti," alisema Aristides.

Siku tatu kabla ya meli, mstari wa mwisho uliungana na wenzake. Kona zilikutana, nyingi zake. Rangi zilipendeza kuliko alivyotazamia, na tusimnyime haki yake, mishono ilinyooka kama mistari ya daftari lake la mahudhurio. Alitandika marekani sakafuni, akaweka juu yake blanketi kuukuu, akatandaza kazi yake kwa mikono miwili.

Halikufika. Pande zote, marekani ilibaki ikimtazama.

Alipima. Arobaini kwa arobaini na nane. Alihesabu vipande: mia na ishirini. Alihesabu tena akianzia kona nyingine, labda hesabu ingeona haya. Mia na ishirini. Aliishuku pasi kwamba imekunja kitambaa. Akaishuku rula, ingawa alikuwa nayo tangu chuo. Alikaa kwenye kiti, akashika tama, na cherehani ikakaa kimya siku hiyo nzima.

Ni ule ukimya uliomleta Penina. Asubuhi ya siku ya pili, fimbo iligonga sakafu ya korido, taratibu, ikaja mpaka sebuleni. Alisimama mlangoni, amevaa khanga yake ya nyumbani. Aristides hakuwa na pa kuificha aibu yake, ilikuwa imetandikwa chumba kizima.

"Uzi uliukaza mno wiki ya kwanza," Penina alisema. "Nilikuwa nausikia unavyokatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alisogea, akainama kadiri mguu ulivyomruhusu, akapitisha mkono wa kushoto juu ya vipande. Aligeuza ukingo mmoja akatazama nyuma.

"Nipe kipimo changu."

Aristides alikwenda mezani akakileta. Penina alikiinua kwenye mwanga, akakiweka kiganjani, akatambua mara moja.

"Nani amekikata hiki?"

"Mama Jovina, kilikuwa na makosa. Kimeandikwa tano, lakini ukikipima ni sita. Nimekirekebisha."

Penina alimtazama. Midomo ilianza kumcheza, upande mmoja kwanza, kisha kicheko kikatoka kutoka tumboni hasa, kile ambacho nyumba haikukisikia tangu Kwaresima. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka na ikabidi mumewe amkalishe kwenye benchi la cherehani.

"Umekirekebisha! Yesu wangu, amekirekebisha! Mwalimu, waitu, jamani, mshono nao unakula. Unakula nusu inchi huku, na nusu inchi huku. Ukikata sita, kitandani inalala tano. Ile tano niliyoandika ni ya kitandani."

Aristides alipiga hesabu upya. Nusu mara mbili ni moja. Moja mara kumi ni kumi. Moja mara kumi na mbili ni kumi na mbili. Inchi zote zilizopotea zilirudi na kujipanga mbele yake kama wanafunzi watoro.

"Kwa nini hukuandika sita basi, watu wajue?"

"Ningemwandikia nani? Mikono yangu ilikuwa inajua."

Na alipolisema hilo, kicheko kilimkatikia. Aliutazama mkono wa kulia uliolala pajani. "Ilikuwa inajua," alisema tena, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Aristides alikaa karibu yake kwenye benchi lile fupi. Alitafuta maneno, na yale aliyoyapata hakuwahi kuyatumia katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa.

"Mimi sikuhitaji blanketi, Penina. La simba lipo dukani. Nimekukosa wewe. Tangu Pasaka nakaa na mtu anayefanana na wewe, na mimi namtaka mwenyewe arudi. Sijui nifanyeje. Sijui kabisa."

Penina aliichukua ile kazi ya vipande kwa mkono wa kushoto, akaivuta mapajani, akaikunjua mstari baada ya mstari. Kuku walisikika uani. Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo Aristides aliifahamu vizuri, maana kwa sauti hiyo alikuwa ameamriwa kuosha miguu kabla ya kuingia ndani maisha yake yote:

"Fumua hapa. Na hapa. Na hapa, mpaka pale chini. Vipande usiviguse, fumua mistari mirefu tu. Katikati tutatia mikanda ya rangi moja, urefu utarudi. Kushoto na kulia tutatia mpaka mpana, na upana utarudi. Ninataka mikanda ya inchi mbili. Utakata ngapi?"

"Mbili," alisema Mwalimu haraka, kisha akajishika. "La, tatu. Mshono unakula."

"Umefaulu. Lete mkasi."

Walifanya kazi siku hiyo yote. Walikaa wote wawili kwenye benchi moja, bega kwa bega. Aristides alikanyaga kanyagio, kwa kuwa mguu wa Penina usingeweza, naye Penina aliongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliulaza juu ya kazi, uwe uzito wa kuizuia isiteleze. Mikanda ya kwanza walishona hivyo: Penina akisema "endesha", "simama", "polepole, si mbio za mwenge hizi". Mkono wa kushoto haukuwa na mazoea. Katika mkanda wa tatu mshono ulitoka nje ya njia, ukarudi, ukatoka tena. Aristides aliuona. Alisubiri kuambiwa afumue, tayari ameshika wembe.

Penina aliutazama mshono ule muda mrefu.

"Endesha," alisema.

Ilipofika jioni, mkono wa kushoto ulipochoka, alimwachia Aristides mikanda iliyobaki na mpaka wote, akakaa pembeni akimsahihisha bila huruma. Kesho yake Aristides alipiga bandi na kushona matabaka yote matatu, Penina akimsimamia.

Jovina alishuka bandarini Kemondo na mtoto mgongoni, akafika Izigo wakati ndizi zikiiva jikoni. Baada ya kula na kusalimiana na majirani waliokuja kumwona Mwesiga, blanketi lilitandazwa mkekani. Akinamama walishangilia. Jovina, binti wa fundi, alipiga magoti akalikagua kama alivyofundishwa, kidole chake kikifuata mshono mmoja baada ya mwingine. Kwenye mkanda wa tatu kidole kilisimama.

"Huu mbona umepinda hivi?" Alicheka, akamgeukia baba yake. "Baba, huu bila shaka ni wako."

Watu wote walimwangalia Aristides. Alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu juzi, na alifurahi kulibeba. Alivuta pumzi akubali.

"Mwache baba yako," Penina alisema. "Iliyonyooka ndiyo yake. Huo ni wangu. Nimeushona kwa mkono wa kushoto."

Jovina alimtazama mama yake, akatazama mshono, akaulalia kwa shavu lake, pale pale ulipopinda. "Mawe," alisema, akimwita mama yake kwa Kihaya.

"Usililowanishe, ni jipya. Nipe mtoto."

Walimletea. Penina alimlaza Mwesiga juu ya mkono wa kulia, akamfunika blanketi kwa wa kushoto, akamtazama mpaka akaridhika. Kisha akamwambia Aristides ampigie Bi Salma, aulize ana mabaki gani wiki hii.