Ufa Usiojua Sifuri

Saa mbili na nusu asubuhi, mpimaji alichuchumaa kwenye ufa uliopita kati ya chumba cha kulala cha dada yake na jiko la dada yake, akavuta utepe kutoka kigingi cha huku hadi cha kule. Tangu vipigwe, vigingi vilikuwa vimeachana sentimita tisa. Akaandika tisa kwenye fomu. Ufa wenyewe ulikuwa mpana mno, dada yake alikuwa akipita juu ya ubao kwenda kuinjika chungu, lakini kila baada ya miezi mitatu vigingi hung'olewa, hupigwa vipya, na hesabu huanza sifuri. Ndivyo fomu inavyotaka. Sentimita zikifika thelathini, watu wa mlimani wanahamishwa siku hiyo hiyo kwa karatasi, na mwenye karatasi anapewa kiwanja kwingine. Anayehama mwenyewe hapewi hata pa kuweka kigoda. Ni mwaka wa pili sasa mlima unateremka, na thelathini haijawahi kufika.

“Mlango haufungiki tena,” dada yake alisema. “Nauegemezea gunia la mchanga.”

“Nitaandika, dada.”

“Umeandika mpaka kidole kimeota sugu, mdogo wangu. Na mvua ndiyo hiyo inajikusanya.”

Mpimaji alishuka mlima. Ofisini alitaka kuweka fomu kwenye kabati la mafaili, mtoto wa kabati akagoma kufunguka, kwa sababu ufa ulikuwa umefika hapo. Ulianzia chini ya kabati, ukapita chini ya meza ya karani, ukaishia mlangoni kwa mkubwa. Karani alikuwa ameshahamisha mkoba wake upande wa pili na anaendelea kupiga chapa. Mpimaji aliutambua ule ufa kwa kikombo chake, pale ulipojipinda karibu na jiko la dada yake, kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa mwendo. Ndani yake kulisikika mfuniko wa chungu, kisha kikohozi cha dada yake.

Mkubwa alitoka, akasimama ukingoni na kikombe chake cha chai.

“Ngapi?”

Mpimaji akapima ukingo kwa ukingo. “Tisini na nne.” Ufa ulikuja mzima mzima, maana hakuna aliyewahi kuuambia habari za miezi mitatu.

“Imezidi thelathini.”

“Imezidi.”

“Basi tunahama leo. Usalama kwanza.”

“Shikamoo, mkubwa,” sauti ya dada yake ilitoka chini.

“Marahaba.”

“Na sisi huku?”

“Nyinyi huko ni sentimita tisa, mama. Andika barua. Subira huvuta heri.”

“Mkuki kwa nguruwe,” dada yake akasema, akafunika chungu.

Lori lilifika saa sita, na kufikia saa kumi viti, makabati na kalenda vilikuwa kwenye jengo jipya lenye sakafu ya vigae. Watu wa ofisi ile, ambao barua moja huwachukua wiki tatu kuifungua, siku hiyo walibeba meza mbio mbio kama siafu. Kilichobaki ni simu ya mezani. Laini yake ilikuwa ya jengo la zamani, na kuihamisha kuna fomu yake. Namba yake ilikuwa imepakwa rangi nyekundu kwenye mbao zote za matangazo mlimani: ukiona hatari, piga.

Kwenye jengo jipya mpimaji hakutulia. Alipanga kalamu, akazipangua, akaenda dirishani kutazama mawingu, akarudi. Mwishowe akajaza fomu ya mlima, akaandika tisini na nne, akaipeleka. Mkubwa aliirudisha kwa upole.

“Hii namba ni ya ofisini. Usichanganye mafaili.”

“Ufa ni ule ule, mkubwa.”

“Najua,” mkubwa alisema. “Lakini mafaili ni mawili.”

Miezi mitatu ilipotimia, mpimaji alipanda na vigingi vipya. Mvua ilikuwa imeanza, na ubao wa kwenda jikoni ulikuwa umebadilishwa kwa mrefu zaidi. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu ashindwe kumwangalia aliyemlea.

“Hama, dada. Usingoje karatasi.”

“Niende wapi na watoto wanne? Nikapange foleni barabarani?” Dada yake alipiga goti kwenye tope, akakamata kigingi. “Piga, mvua isitukute. Mkubwa wako mzima huko?”

“Mzima.”

“Tunashukuru.”

Mpimaji alipiga. Pigo la tatu, kule chini ukuta wa nyumba ya seremala jirani ulikaa chini polepole kama mzee aliyechoka, kisha paa likaufuata. Seremala alitoka akiwa na vumbi la mbao kichwani, akapanda hadi kwenye ubao wa tangazo ulio mbele ya nyumba ya dada, akasoma namba nyekundu, akabonyeza simu yake.

Ndani ya ufa, mbali chini, simu ya mezani ilianza kulia. Ililia kwenye chumba kitupu cha ofisi ya zamani, mlio ukapanda hadi kwenye miguu yao. Mpimaji alitoa fomu mfukoni, akaikinga mvua kwa kiganja, akaandika sifuri.

Seremala alisimama na simu sikioni. “Inaita,” aliwaambia.

“Tunaisikia,” dada yake akajibu, mikono bado imeshikilia kigingi.