Mteja Aliyeghairi Kughairi

Mteja ni mfalme, wanasema. Wafalme wetu sisi walikuwa wakilalia mito wiki nzima, wakiidondoshea mate, kisha wanatuma ujumbe: samahani, nimeghairi.

Na haki hiyo wanayo. Soko la mtandaoni tunakouzia lina sharti moja lisilo na mjadala: mteja ana wiki mbili za kubadili nia bila kueleza sababu, na duka likikataa linafungiwa. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunashona mito ya sufi katika chumba cha uani chenye cherehani mbili, meza ndefu, na dirisha ambalo halifunguliwi upepo ukivuma, maana sufi ikiamka hailali tena. Unaikuta kwenye chai, kwenye nyusi, kwenye masikio ya paka. Duka la ukubwa huo likirudishiwa mito mitatu kwa mpigo, linabaki linahema.

Wifi ndiye aliyepata dawa. Ana kichwa cha biashara yule. Hata akilia hutumia jicho moja ili kubana matumizi.

"Mto ukirudi hatuutupi," alisema. "Tunaufumua. Kitambaa kinachemshwa, sufi inaanikwa, inachapwa fimbo, inarudi kwenye gunia pamoja na wenzake. Jua halitozi mtu."

"Na yule aliyeulalia?"

"Kaulalia tu, wifi. Hajazikwa humo."

Tukaishi vizuri na dawa hiyo, mpaka alipokuja yule mama.

Wenzake hutuma mzigo. Yeye aliuleta mto mwenyewe, mchana kweupe, ameukumbatia kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mwanamke wa makamo, nadhifu, sauti ya chini. Nikamuuliza mto una kasoro gani. Si lazima kujibu, lakini kuuliza si ugomvi.

"Unapumua," akasema.

Wifi akacheka. "Sasa hiyo ndiyo sifa yake, dada. Sufi safi lazima ipumue."

"Unapumua kwa zamu. Mimi nikivuta, wenyewe unatoa."

Kicheko cha Wifi kikakosa pa kwenda. Akamrudishia fedha kwa simu pale pale. Yule mama, kabla ya kutoka, akauwekea mto kiganja juu, kama unavyompima mtu homa, kisha akakiondoa haraka.

Tulipoufumua, sufi ilikuwa na joto. Nikasema ni jua. Wifi akanionyesha dirishani kwa kidevu: mawingu toka asubuhi.

Basi tukangoja jua la kweli, tukaanika, tukachapa, tukaichanganya na nyingine guniani. Gunia lile likazaa mito saba, nayo ikaenda kwa wenyewe.

Wa kwanza kughairi alikuwa mwalimu wa udereva, mtu ambaye ungetegemea hakuna kinachomshtua tena duniani. Alipiga simu. "Mto wenu unakohoa."

"Pole sana," Wifi akamjibu kwa sauti yake ya wateja. "Litakuwa vumbi."

"Vumbi halikohoi likasema samahani."

Akafuata kinyozi: wake ulikuwa ukijigeuza kuelekea ukutani na kumvutia shuka. Halafu bibi na bwana waliooana majuzi. Hao mto wao uliuliza, "Umefunga mlango?" Mke akadhani ni mume, mume akadhani ni mke, wakaamka wote wawili kwenda kufunga, wakagongana vichwa kwenye komeo. Komeo lilikuwa limefungwa. Wakanuniana hadi mto ulipouliza tena wakiwa wote wamesimama.

"Hii ni fitina," Wifi akasema. "Kuna mtu anauza mito ya sponji anawalipa."

"Anamlipa na kinyozi?"

"Kinyozi ndiye wa kwanza kununulika. Mtu anayesengenya watu huku kashika wembe."

Lakini mito ikaendelea kurejea zizini, kama ng'ombe waliovunjika guu, hadi ikawa sita imejipanga juu ya meza yetu ndefu. Wifi akachukua mkasi ili aanze kuifumua. Nikamwambia asubiri. Sijui kwa nini. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa chumbani, jirani anatwanga kitu, na mimi nikalaza sikio langu kwenye mto wa kwanza kama mjinga.

Mwanzo nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha kikohozi, kidogo, cha mtu aliyejizuia asiamshe wengine. Nikahamia wa pili. Humo kitu kikajivuta taratibu chini ya shavu langu, kikatafuta upande wa baridi. Kwenye wa tatu, sauti ya mwanaume, karibu kabisa, wala si ya kutisha. Hiyo ndiyo iliyonisimamisha vinyweleo: haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka anayeuliza jambo analouliza kila siku.

"Umefunga mlango?"

Wifi akasikiliza yote sita, mmoja mmoja, mkasi bado mkononi. Alipomaliza akauweka chini polepole, kwa heshima, kana kwamba kuna mgonjwa chumbani.

"Mtu mmoja huyu," akasema. "Wifi, tumemgawa kama urithi."

Kesho yake, kabla hatujajua tufanye nini, yule mama akarudi. Kiatu cha kushoto kilikuwa cheusi na cha kulia cha kahawia, na hakuwa na habari. Macho yalikuwa ya mtu ambaye usingizi umemtupa njiani.

"Nimeghairi kughairi," akasema. "Naomba mto wangu."

"Hiyo haipo kwenye masharti, dada," Wifi akamjibu, lakini bila nguvu. Nikamvutia yule mama kiti.

Mto ule, akatueleza, aliununua mume wake alipokuwa mgonjwa, kwa sababu mito yao ya zamani ilikuwa imelala kama mikate iliyokaliwa. Aliulalia mpaka siku yake ya mwisho. Kila usiku, miaka yote ya ndoa yao, mume huyo alikuwa na swali moja kabla ya kulala: umefunga mlango? Na kila usiku mkewe alimjibu: nimefunga, lala.

"Usiku ule nilikuwa nimechoka," akasema. "Kumgeuza, kumnywesha, kufua. Akaniuliza. Nikajifanya nimelala. Akauliza tena, nikafumba macho zaidi. Asubuhi hakuamka." Akakunja mikono mapajani. "Mto ulipoanza kupumua niliogopa, nikauleta kwenu. Sasa chumba kimya, na ukimya ndio mbaya zaidi. Sipati hata lepe la usingizi. Nataka nimjibu tu. Basi."

Tukamweleza ukweli. Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari kuyapokea. Yeye alitazama tu ile mito sita, akasogeza kiti, akalaza kichwa kwenye ule wa tatu. Tulimwona akisikia. Uso wake ulilegea wote.

"Nimefunga," akanong'ona. "Nimefunga, lala."

Akasubiri. Na sisi tuliosimama hatua mbili tukaisikia ile sauti, ya upole, haijabadilika hata chembe: "Umefunga mlango?"

Akamjibu tena. Ikauliza tena. Akahamia mto wa nne, wa tano, akijibu kwa sauti ya juu, kisha kwa kubembeleza, na kila mmoja ukakohoa au ukageuka au ukauliza, kama redio isiyojua kama kuna mtu sebuleni.

"Hanisikii," akasema. "Anayeuliza yuko hapa. Anayesikia hayupo."

"Wa saba," nikasema.

Mto wa saba haukuwa umerudi. Aliununua mlinzi mstaafu anayeishi peke yake, na hakuwa ametuma hata neno. Na sisi hatukuwa na la kumdai: kughairi ni haki ya mnunuzi, muuzaji akishauza ameuza. Wifi akampigia hivyo hivyo, akaiweka simu mezani ili tusikie sote.

"Shikamoo, baba. Ni duka la mito. Tulitaka kujua kama umeridhika, na kama hukuridhika, tuna—"

"Marahaba. Siurudishi."

"Hatujasema urudishe, baba."

"Sauti yako imesema. Mwanangu, mimi nimefunga milango ya watu maisha yangu yote. Maghala, mabenki. Hakuna hata bosi mmoja aliyeniuliza kwa wema. Huyu ananiuliza. Namjibu, nimefunga bwana, lala. Anashusha pumzi, analala. Na mimi nalala."

Yule mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Analala?" akauliza.

"Nani huyo?"

"Mke wake."

Tukasikia kiti kikiburutwa na mtu mzima akinyanyuka kwa magoti yasiyotaka.

"Mimi namtuliza tu, mama," mzee akasema, na ubishi wote umemtoka. "Lakini huwa anauliza tena kesho. Nadhani anajua si wewe. Ngoja. Nakuweka sikioni kwake."

Sauti ya kitambaa ikakwaruza kwenye simu. Kisha pumzi. Yule mama akainama hadi midomo yake ikakaribia kugusa kioo cha simu.

"Nilikuwa macho," akasema. "Nilikusikia. Mara zote mbili nilikusikia. Nimefunga."

Juu ya meza mito sita ikashuka. Siwezi kuieleza vinginevyo. Hakuna aliyeigusa, ilitoa pumzi kwa pamoja, ndefu, ikabonyea katikati kama inavyobonyea kichwa kinapolala, na nyuzi chache za sufi zikapenya kwenye mishono, zikaelea juani. Wifi alinishika mkono. Alama za kucha zake niliziona hadi siku ya pili. Jirani, aliyekuwa akitwanga tena siku hiyo, aliacha.

Nikajua imekwisha. Hata yule mama alijua, alikwishafumba macho.

Kwenye simu, taratibu, mtu akauliza: "Na wa jikoni?"

Yule mama akafumbua macho. Kitu fulani kikapita usoni pake, sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata chenyewe hakikujua.

"Huyo ndiye yeye," akasema. Kisha nikaona rangi ikimtoka usoni. "Wa jikoni haukuwa na kitasa. Alikuwa akisema kila siku atauwekea. Tangu amekufa sijaukaribia."

Akasimama. Hakuchukua mto hata mmoja, wala hakudai chochote. Alitoka haraka na viatu vyake visivyofanana, na mlangoni akageuka, akatuuliza duka la vitasa liko upande gani.