Udongo wa Mwanaima

Mche ulionyauka asubuhi ile ulikuwa wa kumi na tisa. Jana jioni ulikuwa umesimama, maua ya kwanza yametoka. Sasa umelala kichwa chini, na bado ni mbichi. Hilo ndilo lililomchosha Sefu Chirau kuliko kiuno chake. Mmea wenye kiu unaeleweka; unautekea maji, unainuka. Huu ulikuwa unakufa na maji miguuni.

Aliweka debe chini, akakaa ukingoni mwa kisima. Ilikuwa Agosti, mwaka wa hamsini na nne, na huu ulikuwa msimu wa tatu nyanya kufa vilevile.

Shamba lao lilikuwa bondeni, baina ya Kinondo na Msambweni, nalo lilikuwa na vipande vitatu. Cha juu, karibu na kisima, kilikuwa koho ya Mwanaima, mke mkubwa. Cha chini, penye minazi, kilikuwa koho ya Chiku, mke mdogo. Cha katikati kilikuwa cha nyumba nzima, na ndicho alicholima Sefu. Kwa Wadigo, koho ni kipande cha mwanamke mwenyewe. Anachopanda ni chake, kinachotoka ni chake, na mume mwenye akili haingii na jembe mpaka aitwe.

Lakini mahindi ya nyumba hayakuwahi kuvuka mwezi wa pili. Kuanzia hapo watu wanane walikula nyanya za Mwanaima, kwa maana ndizo zilizopelekwa hotelini Diani zikarudi unga. Zikifa tena, Sefu alijua pa kwenda: Ramisi, kukata miwa, kazi aliyoikimbia akiwa na miaka thelathini. Sasa alikuwa na hamsini na miwili, na akiinama ilimbidi afikirie kwanza namna ya kuinuka.

Bwana shamba alifika saa nne, akisukuma baiskeli yenye pancha. Aliitwa Randu, kijana wa Kiduruma aliyetumwa kutoka Kwale.

"Shikamoo, mzee Sefu."

"Marahaba. Umechelewa, bwana. Maiti zimeshaoza."

Randu hakucheka. Aling'oa mche ulionyauka, akakata kipande cha shina, akaomba gilasi ya maji. Chiku aliileta kutoka nyumbani, akarudi jikoni. Mwanaima hakuwapo, alikuwa matangani Kinondo, amefikia kwa kaka yake. Randu alikishika kile kipande ncha yake ikigusa maji, akamwambia Sefu atazame. Kitambo kidogo, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka shinani, mwembamba kama tui linalodondoka kutoka kwenye kifumbu.

"Hayo ni maradhi yenyewe," alisema Randu. "Yanakaa udongoni. Wewe unapanda, yenyewe yanakula."

"Dawa?"

"Hakuna dawa. Ni kuhama tu. Nyanya, biringanya, pilipili, huo ni ukoo mmoja, usipande hata mmoja wao hapa kwa miaka minne. Weka mahindi, weka kunde. Maradhi yakose chakula. Nyanya zipeleke mahali ambapo hazijapata kulimwa."

Aliendelea kusema, habari za kuosha majembe na miguu, habari za udongo huu kutovuka mpaka kwenda kule. Sefu aliitikia "ndiyo, bwana" kila aliposikia sauti imetua. Alikuwa ameteka madebe ishirini tangu alfajiri. Neno moja tu lilikuwa likimzunguka kichwani: kuhama. Nani atamwambia Mwanaima?

Mwanaima alirudi kesho yake alasiri. Alimkuta mumewe amekaa barazani, mbele yake amechora mchangani visanduku vitatu. Katika kimoja ameweka punje ya mahindi, katika kingine kunde, katika cha tatu kinyanya kibichi chenye doa. Chiku alikuwa kando akipukuchua kunde.

"Bao gani hili?" aliuliza Mwanaima, akivua buibui.

"Si bao. Ni shamba." Sefu alikohoa. "Bwana shamba anasema tuzungushe. Mahindi yaje kwako. Kunde ziende katikati. Nyanya..." Alikisukuma kinyanya kwa kidole mpaka kisanduku cha chini. "Nyanya ziende kule."

"Kule kwa nani?"

Chiku aliinamia kunde zake kana kwamba zimeanza kusema.

"Baba Mbwana, nakuuliza. Kule kwa nani?"

"Kwa Chiku."

Mwanaima aliketi kwenye kibao polepole. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa. "Nilipoolewa hapa, kile kipande kilikuwa mchanga mweupe. Hata ukoka ulikikataa. Miaka ishirini na miwili nimebeba samadi kutoka zizi la kaka yangu, Kinondo mpaka hapa, kichwani. Nywele za utosini zimekwisha. Leo udongo umekuwa mweusi, unaniambia nipande mahindi, na nyanya zangu nimpe mwenzangu?"

"Sikumwomba, dada," alisema Chiku.

"Najua hukumwomba. Wewe huna haja ya kuomba."

"Nyanya zinakufa, Mama Mbwana!" Sefu alipaza sauti, kisha akachoka nayo. "Zinakufa. Umeziona."

"Nimeziona. Nitazidisha samadi."

Walivutana hivyo siku tatu. Mwanaima alisema kama koho yake imekwisha basi na yeye amekwisha, atarudi Kinondo akalime kwa kaka yake. Hakuwa mtu wa kutishia bure. Mkeka wake ulikuwa umeshakunjwa. Siku ya nne Sefu alikata tamaa, na katika kukata tamaa akapata njia. Nyanya zisiende kwa Chiku. Ziende katikati, kwenye kipande cha nyumba, na Mwanaima azifuate. Kipande hicho kiwe koho yake kwa miaka minne, na Sefu alime mahindi yake juu, kisimani. Chiku abaki na kunde zake.

"Yaani tubadilishane," alisema Mwanaima.

"Tubadilishane."

"Na kilicho changu ni changu?"

"Kilicho chako ni chako."

Aliukunjua mkeka. Sefu alishusha pumzi akaenda kulala kabla watu hawajarudi kutoka isha. Hakumweleza habari za gilasi wala uzi mweupe. Amekubali, ya nini kuanza maneno mengine?

Mvua za vuli zilikuja mapema. Miche ilioteshwa nyuma ya jiko, mahali pa majivu, ikatoka mizuri. Ulipofika wakati wa kuihamisha, Sefu alikuwa kitandani. Homa ilimshika siku sita, na kiuno kikampata humohumo. Kila alfajiri alimsikia Mwanaima akitoka, na kila jioni alimsikia akirudi akigumia, akijinyoosha mgongo.

"Mwambie Chiku akusaidie," alimwambia.

"Kazi yangu naiweza."

Alipopata nguvu za kushuka bondeni, alisimama akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kifua chake kililegea. Mistari minane ya nyanya, imenyooka, majani mapana ya kijani kilichokolea. Alimsifu mkewe. Alisema hata Randu mwenyewe hangepanda hivi. Mwanaima alicheka, akasema homa imemfundisha adabu.

Wiki tatu baadaye, mche mmoja ulilala kichwa chini. Kesho yake, mitano.

Sefu alipiga magoti kwenye mstari wa kwanza, akafukua kwa mkono. Mchanga wa pale aliujua, mwekundu mwepesi, ameumwagia jasho miaka yote. Lakini kuzunguka mzizi palikuwa na donge jeusi, laini, lenye vipande vya majani ya samadi. Alifukua mche wa pili. Donge jeusi. Wa tatu, vilevile. Aliinua macho akatazama juu, kisimani. Katika kona ya ile koho ya zamani, iliyojificha nyuma ya mgomba, palikuwa na shimo la kuingia mtu mpaka kiunoni. Pembeni yake pakacha kuukuu lilikuwa limeegemezwa, limelowa matope.

Mwanaima alikuwa akiteka maji.

"Umeuhamisha udongo," alisema Sefu.

"Wangu." Hakugeuka. "Pakacha mia moja na kitu. Ulisema kilicho changu ni changu. Nilikubali kuhama, Baba Mbwana. Sikukubali kuhama mikono mitupu."

Alikuwa tayari kwa ugomvi, Sefu aliliona hilo mabegani mwake. Lakini yeye hakuwa na ugomvi. Alikwenda nyumbani taratibu, akarudi na gilasi, na Chiku nyuma yake. Alikata shina kama alivyoona kwa Randu, akalishika majini.

"Njoo utazame."

Mwanaima aliinama. Uzi mweupe ukashuka. Aliutazama mpaka maji yote yakawa kama ya kusuuzia chombo cha maziwa.

"Ni nini?"

"Ndicho kinachoua. Kinakaa udongoni. Katika ule mweusi wote kimo." Sefu aliiweka gilasi chini. "Bwana shamba aliniambia. Alisema udongo usivuke. Mimi sikukwambia."

"Ulijua?"

"Nilisikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa nimechoka."

Alitegemea kelele. Mwanaima aliketi ukingoni mwa kisima, palepale anapokaa yeye, akaigeuza mikono yake akaitazama viganja. Vilikuwa na makovu ya malengelenge yaliyopasuka.

"Mia moja na kitu," alisema. "Na wewe umelala ndani unanisikia nikigumia."

"Nilikusikia."

"Basi hapa pamekwisha, na pale pamekwisha."

"Miaka minne, vyote viwili."

Nyuma ya jiko ilikuwa imebaki miche kama sitini, imerefuka, mingine imeanza kupinda, lakini mizima. Udongo mweusi haukuigusa. Na shamba lilikuwa limebakiwa na kipande kimoja safi. Wote watatu walikijua, na wawili kati yao hawakuthubutu kukitaja.

Mwanaima aliokota kinyanya kibichi kilichoanguka. Alikizungusha vidoleni, akatazama chini, penye minazi.

"Kunde zako umeshavuna, Chiku?"

"Nimevuna, dada. Juzi."

"Nitaingia kwako."

"Karibu. Tutapanda pamoja, tutachuma pamoja. Nami nitapeleka kunde zangu kule juu zikale samadi ya Kinondo bure," alisema Chiku, akachungulia uso wa mwenzake kama mzaha umepita.

"Zitanenepa kukushinda," alisema Mwanaima.

Sefu alihesabu moyoni. Msimu huu kwa Chiku. Maradhi yakivuka mpaka kule, ni miaka minne bila pa kupanda, labda wafyeke kichaka cha ng'ambo ya bonde, na kichaka kile kilikuwa na visiki vya kumlaza mtu mwenye kiuno kizima. Aliinama kuchukua jembe la mkewe ili aanze kuchimba mashimo.

"Liache," alisema Mwanaima.

Alilichukua mwenyewe. Akateka debe la maji, akalimimina juu ya jembe, akalisugua kwa kumbi la nazi, mpini na bapa, mpaka tope jeusi lote likatoka. Kisha akateka la pili, akaosha miguu yake, kidole kimoja kimoja, akashuka kwa Chiku.