Gari Lilifika Kabla ya Maji

Jirani yetu mshona viatu anadai alimwona mama, kwa macho yake mawili, akiunga bomba la pili mtoni, nene kama paja, na kwamba pampu ilipowaka tu mto ukanywea kama mtu aliyekatwa kauli. Husimulia huku akipigilia soli, na kila mwaka bomba linazidi kunenepa. Mama hakuwahi kuwa na bomba la pili. Alikuwa na mpira mbovu wa maji aliofungia mlango wa banda la kuku. Lakini simlaumu mshona viatu peke yake. Hadithi alipewa na ofisi ya maji; yeye kaongeza unene tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kipimo cha darajani, ubao wenye namba uliofungwa kwenye nguzo ya daraja. Asubuhi, mchana na jioni nilishuka, nikasubiri viwimbi vitulie, nikaandika kwenye daftari. Shule niliishia darasa la saba. Mto nimeusoma miaka mitatu bila likizo.

Ukikaa na mto hivyo, unaujua mwendo wake. Bwawa likifunguliwa milango alfajiri, maji hayaji mbio. Yanaingia kila shimo, yanazunguka kila jiwe. Mchanga unakunywa, jua linachukua lake, na hapo sikatai, kweli kuna yanayopotea. Yanayobaki hutufikia kesho yake saa nane mchana, yakisukuma majani makavu mbele yake.

Jumanne moja ofisi ilitaka kujua ni maji kiasi gani yanapotea njiani kabla ya kufika mjini. Milango ilifunguliwa alfajiri. Mhandisi akapima bwawani saa mbili asubuhi, akapanda gari, na saa nne alikuwa darajani kwetu akiteremsha kifaa chake chenye feni ndogo inayozungushwa na maji. Nilisoma ubao: sentimita arobaini na moja, kama jana yake. Akabonyeza kikokotoo, akapiga mluzi.

"Zaidi ya nusu imepotea! Dada, huku nani anavuta maji?"

"Hayajapotea, bosi. Yako njiani. Yatafika kesho mchana."

Dereva alicheka mpaka akaegemea gari. "Kwani yamepata pancha?"

Mhandisi hakucheka. "Kazi yako ni kusoma ubao," aliniambia, "siyo kunifundisha mto."

Nikanyamaza. Mpaka leo kinachonichoma si maneno yake, ni ule unyamavu wangu. Nilidhani namba zitanisemea.

Jumatano, saa nane mchana, majani makavu yakapita chini ya daraja, na maji nyuma yake. Themanini na tatu. Niliandika, nikapiga simu ofisini. Karani akaniambia zoezi lilishafungwa jana.

Ijumaa watu wa ofisi wakaja kuchukua pampu. Kati ya bwawa na daraja, pampu inayoonekana ukiwa barabarani ni moja tu, ya mama. Ilikuwa inachukua dakika nne kujaza pipa, tena ikikohoa. Hiyo ndiyo iliyokunywa nusu ya mto! Mama aliishika kwa mikono miwili.

"Niachieni wiki mbili tu, wanangu. Nyanya zimeshika maua."

"Utajieleza kikaoni, mama," walisema, wakaipakia.

Wiki hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi. Bustani ile ya nyanya sasa ni uwanja wa mbuzi. Pampu nimeiona juzi stoo ya ofisi, imewekewa ndoo za rangi juu.

Kikao kilikuwa Jumatatu. Viti vya plastiki, feni moja, na watu ambao mama aliwahi kuwagawia miche, wote wanaangalia viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati ya maji akasoma: upotevu, asilimia hamsini na mbili, sababu, uvutaji haramu. Mama akanigeukia. Nikasimama na daftari langu.

"Jumatano saa nane mchana, sentimita themanini na tatu."

"Jumatano haimo kwenye fomu," alisema mhandisi.

"Haimo kwa sababu gari lako liliyatangulia maji. Kule ulipima mapya, huku ukapima ya jana yake, ukasema tofauti ameinywa mama yangu."

"Binti, keti," alisema mwenyekiti.

Sikuketi.

"Kesho mnafungua tena milango. Mhandisi, nakuomba kitu kimoja. Pima kule bwawani, halafu uje ukae na mimi darajani mpaka maji hayohayo yafike. Kiti nitakuletea, chai nitakupikia. Ukiyakuta nusu, pampu ivunjwe, na nyundo nitashika mimi."

Mhandisi alikuwa ameinama chini ya meza, anatafuta kifuniko cha kalamu. Alipokipata, akakibana taratibu mpaka kikatoa mlio, akamsogezea mwenyekiti ile fomu ya uvutaji haramu aitie sahihi.