Debe la Ester

Mimi Levina si mwizi, hilo lijulikane kwanza. Baada ya mafuriko, jumuiya yetu ya kanisa hapa Lupiro ilinikabidhi mbegu ya mpunga niigawe, na siku ya kugawa nilitenda haki mpaka watu wakanipigia vigelegele. Kila nyumba debe moja. Nalitikisa, mpunga unakaa, naongeza, nalitikisa tena, mpaka juu linafanya kilima. "Mama Beno, wewe ni wa mbinguni!" Nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

Ester alifika jioni, watu wameshaondoka. Ni mke wa Masanja, Wasukuma wenye ng'ombe waliohamia kule bondeni. "Shikamoo mama," akapiga goti. Tulikuwa wawili tu. Nikaumwaga mpunga kwenye debe polepole, sikulitikisa hata kidogo, wala haukufika ukingoni. Nilijiambia, hawa si wana ng'ombe? Akalitazama debe, akanitazama mimi. "Asante mama," akaondoka. Kilichobaki kwenye gunia nikakipanda shambani kwangu. Haya, niite unavyotaka.

Mpunga ulipoota, jaruba la mwisho la Ester, lililo kando ya njia ya kanisani, lilibaki maji matupu. Kila Jumapili nilipita pale nimegeuza uso. Jirani yangu Brigita akasema, "Wavivu hawa, mbegu wamepewa wakaila!" Ningeweza kumkatiza. Badala yake niliguna kumkubalia, aibu gani hii!

Juzi wamevuna. Ester akaniletea mpunga mpya, maana kwetu aliyekupa mbegu lazima umwonjeshe. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Akachukua debe langu lile lile, akalijaza, akalitikisa, akaongeza, akalitikisa tena. "Ngoja ukae vizuri, mama," akasema.

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo nimwombe radhi.

Hapo hapo Brigita akaingia uani. Na mimi, mdomo ukiwa tayari wazi, nikasema kwa sauti, "Si unaona? Mbegu nilimpa mimi!"

"Debe zima?" Brigita akamuuliza Ester.

Ester hakuinua macho. "Debe zima," akajibu. Kisha akaokota punje zilizomwagika chini, moja moja, akazirudisha kwenye debe langu.